Adhabu Imfuate Mwenye Mzigo

(Mazungumzo niliyotoa kwenye mkutano wa kijiji, Kondoa, siku ya kujadili rasimu ya sheria ndogo za kulinda msitu na miamba yetu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Salamu tu ndizo nimezipunguza.)

Ndugu Mwenyekiti, Mtendaji wetu, masheikh na wachungaji mliopo, mama zangu, na ninyi vijana mlioegesha pikipiki pale chini ya mwembe ili mkichoka muondoke bila kuaga: assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia, "Bwana Misitu, njoo utusomee zile adhabu, watu waogope." Nikamwambia nitakuja, ila kutisha watu ni kazi niliyoifanya miaka zaidi ya thelathini na nimestaafu nayo. Nikiwatisha leo, kesho mtasahau, na kifusi kitakuwa pale pale.

Nasema kifusi kwa sababu leo alfajiri nilipanda kukiona. Nilikwenda na vijana wawili wa kamati ya mazingira mpaka nyuma ya lile jabali kubwa, pale njia ya ng'ombe inapogawanyika. Wengi mnapajua. Mnakumbuka pale palikuwa na bango la chuma linalosema huu ni msitu wa hifadhi, ni marufuku kutupa taka? Bango halipo. Nguzo zake zimekatwa chini kabisa kwa msumeno wa chuma, zimeuzwa kwa kilo kwenye skrepa. Kwa hiyo aliyetupa taka ana pa kujitetea: atasema hakuona bango.

Tukalipitia lile lundo polepole. Juu kuna vipande vya vigae na gipsam iliyolowa ikavimba kama mkate. Chini yake mifuko ya saruji, makopo ya rangi, mabaki ya nyaya ambazo mtu amezichoma apate shaba, na ardhi imekuwa nyeusi eneo la kama mikeka miwili. Pampasi. Hizo siku hizi hazikosekani popote, naamini hata mwezini zipo. Halafu ndani ya mfuko mmoja wa saruji kijana akatoa karatasi iliyokunjwa, akaniambia, "Mzee, ona." Risiti ya duka la vifaa vya ujenzi. Ya mjini. Maboksi kumi na nane ya vigae, ndoo tatu za rangi, jina la mnunuzi na tarehe ya mwezi uliopita. Sitalisoma jina hilo hapa. Nimemkabidhi Mtendaji mkononi, na mbele ya mkutano huu nasema nimemkabidhi, ili karatasi isipate miguu.

Sasa mnijibu. Kwa lundo hilo, nani ameadhibiwa mpaka leo?

Ni kijana wa guta. Mgambo walimkamata wiki tatu zilizopita, jioni, akiwa na mzigo nusu umeshamwagwa. Alilipa 50,000. Mjomba wake aliuza mahindi debe kadhaa kumkomboa. Kijana huyo nimezungumza naye, na anasema alipewa 25,000 apeleke "popote huko". Akasafiri, akamwaga, akakamatwa, akalipa. Mwenye vigae yuko kwenye nyumba yake mpya, sakafu inang'aa. Kifusi bado kipo jabalini, kwa sababu hakuna aliyemwambia kijana arudi akakizoe. Tulichukua pesa tukamwachia. Kijiji kimepata 50,000 na uchafu wake. Mwenye mzigo amepata usafi wa uani kwa 25,000.

Nimempigia fundi mmoja ninayemwamini nimuulize: kukodi kirikuu kupeleka kifusi cha nyumba moja mpaka dampo la mjini ni kiasi gani? Akaniambia ukiweka mafuta, wapakiaji na ushuru, jiandae 70,000 au zaidi. Basi pigeni hesabu wenyewe. Kutupa kihalali 70,000. Kutupa jabalini 25,000, na ukikamatwa anayelipa 50,000 ni dereva, wala si wewe. Na anakamatwa safari moja kati ya ngapi? Faini ya namna hiyo ni ushuru wa kutupa taka. Tumefungua dampo porini bila kujua, na tunakata risiti.

Msiseme sheria hakuna. Sheria zipo nyingi kuliko mabwana misitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 187, kwa mtu anayechafua mazingira: faini kuanzia shilingi 3,000,000 hadi 50,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa ilipotungwa. Naona mmeguna. Subirini, kinachonipendeza mimi ni maneno yanayofuata, ambayo watu hawayasomi: mahakama inaweza kumwamuru huyo mtu alipe gharama zote za kusafisha, au asafishe yeye mwenyewe mpaka panaporidhisha. Sheria yenyewe inajua kwamba pesa iliyoingia kwenye akaunti haizoi kigae hata kimoja.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Lile lundo nimelipima kwa hatua zangu hadi korongoni: hatua 34, na miguu yangu si mirefu. Mvua za Desemba zikianza, makopo yale ya rangi yanateremka kwenye korongo, na nyote mnajua ni kisima cha nani kiko chini ya korongo hilo.

Kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokataza kukata, kuchimba, kuchoma na kujenga ndani ya hifadhi bila kibali, na ndiyo inayovipa vijiji haki ya kuwa na misitu yao ya hifadhi. Kuna kanuni za mifuko ya plastiki za mwaka 2019, ambazo mtu wa kawaida akikutwa na mfuko faini yake inaanzia 30,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Na kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ni ya miamba, nitaifikia.

Kabla ya hapo niwaambie jambo langu, kwa kuwa nimemsema kijana wa guta na mimi sikuwa malaika.

Nilikuwa mgeni kazini, msitu fulani, si wa huku. Nilipewa buku la stakabadhi na nikaambiwa mwisho wa mwezi lionekane limetumika. Kwenye misitu kuna utaratibu wa kufifilisha kosa: mkosaji akikiri kwa maandishi, analipa palepale na shauri linaishia hapo bila kwenda mahakamani. Utaratibu mzuri, unapunguza usumbufu. Lakini ukimpa kijana wa miaka ishirini na kitu buku la stakabadhi na kiu ya kusifiwa, angalia atamkamata nani. Nilimkamata bibi mmoja na mzigo wa kuni. Kuni mbichi, ndiyo, kosa lilikuwepo. Nikamwandikia. Akafungua pindo la khanga, akanihesabia sarafu moja moja juu ya jiwe, akakosa kidogo, akaniomba nimngoje aende akaazime. Nikamngoja. Nilikaa kwenye lile jiwe kama saa nzima, na nikiwa nimekaa lilipita lori la mkaa. Gunia limefungwa juu ya gunia. Dereva akanipungia mkono. Nikampungia.

Bibi akarudi na pesa iliyobaki, nikampa stakabadhi yake, akaikunja vizuri akaiweka palepale pindoni. Akaniambia, "Asante, baba." Mpaka leo sijui alinishukuru nini.

Nimeandika stakabadhi nyingi baada ya ile. Ninayoikumbuka ni ile.

Sasa miamba. Hapa nitakaa kidogo, maana kifusi kinazoleka lakini mwamba hauzoleki.

Ninyi mmezaliwa mkiiona michoro, mnaichukulia kama mnavyochukulia mbuyu. Lakini mwaka 2006 michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300, na idadi ya mapango yenye michoro inakadiriwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja mwaka 1951 akakaa miezi akiinakili kwa mkono, karatasi juu ya mwamba. Pale Kisese, ng'ambo hiyo, wachimbaji wa elimu ya kale walipata shanga za ganda la yai la mbuni. Vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba baadhi zina zaidi ya miaka 40,000. Mama zangu mnaovaa shanga, mtu alikaa hapa kwetu, akatoboa ganda, akajipamba, kabla hakujawa na chochote tunachokijua.

Michoro ile myekundu ni rangi ya udongo wenye chuma, imeingia kwenye ngozi ya mwamba. Tabaka lake ni jembamba kuliko vumbi lililo kwenye viatu vyangu. Mtu akija na mkaa akaandika jina lake juu ya twiga, huwezi kuchukua maji na brashi ukamfuta. Ukifuta jina, unamfuta na twiga. Ninalijua pango moja ambalo kijana ameandika jina lake, la mchumba wake, na moyo katikati. Nimeulizia: hawakuoana. Jina liko palepale, na kila mtalii anayepanda anamsoma.

Halafu kuna wachimba hazina. Wazee mnacheka, na mnawajua. Wanakuja usiku na tochi, na mganga, na ramani waliyouziwa Dar es Salaam, wanatafuta dhahabu ya Mjerumani. Wamechimba hata Mungomi wa Kolo, mahali wazee wanapofanyia matambiko. Mimi nimesoma kidogo habari za vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani alipokuwa mtawala hapa. Majeshi ya Jenerali van Deventer, yale ya Afrika Kusini yaliyopigana upande wa Mwingereza, yaliingia Kondoa Aprili 1916. Mjerumani akarudi Mei akapigana nao hapa milimani siku kadhaa, akashindwa, akaondoka. Mtu anayekimbia na mizinga, wapagazi na wagonjwa, apate wapi nafasi ya kupanda jabalini kuzika masanduku ya dhahabu na kuweka alama? Ameshindwa kubeba chakula! Lakini haya, mwambie mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili kununua ramani.

Anachokitoa kwenye lile shimo ni udongo wenye vipande vya mawe yaliyochongwa, mifupa, majivu ya moto wa zamani. Anavitupa pembeni kwa sababu havimetimeti. Mtaalamu husoma udongo ule tabaka kwa tabaka, wa juu mpya na wa chini wa zamani. Ukishachanganywa na sepetu, hausomeki tena milele. Sheria ya Mambo ya Kale inasema hakuna kuchimba bila leseni. Faini ya kumrudishia pango tabaka zake haipo. Ungemfunga, ungemfilisi, shimo ni shimo.

Ndiyo maana kwa miamba mimi siulizi tutoze kiasi gani baada ya kosa. Nauliza nani analala karibu. Pesa za faini za kifusi ziende kwa walinzi wa miamba: tochi, viatu, posho ya usiku. Iandikwe hivyo kwenye rasimu, siyo "mfuko wa kijiji" tu. Mfuko wa kijiji una tundu, samahani Mweka Hazina, sisemi wewe.

Na jambo moja wazee wangu, kwa heshima. Rasimu nimeiona imeandika "ni marufuku kumwaga kitu chochote kwenye mwamba". Nimeelewa nia yake, lakini kwa maneno hayo anayefanya tambiko la mvua na anayechora moyo wanakuwa wahalifu sawasawa. Sikubaliani. Tambiko lilikuwepo kabla ya UNESCO na kabla yangu. Nilichozungumza na wazee wawili jana ni kwamba pombe na unga viwekwe chini, mguuni mwa jabali, visirushwe ukutani penye michoro. Wamesema hilo halivunji kitu. Basi liandikwe kama walivyolisema wao.

Nikiwa hapo mama mmoja wa safu ya mbele akanyanyuka, akauliza: "Bwana Misitu, umesema vizuri. Na sisi tutupe wapi?"

Nilitaraji swali hilo litoke kwa vijana. Mama, umenishika pabaya, kwa hiyo niwarudishe nyuma.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na minne. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973: miti, makinga maji (yale matuta ya kuzuia mmomonyoko), magari yenye rangi ya kijani. Ardhi yetu ilikuwa imekwisha. Mnaoijua Haubi ya zamani mnajua nasema nini, makorongo ya kumeza nyumba, mchanga umejaa mashamba ya bondeni. Serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Yote: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Mimi niliswaga ng'ombe wa baba yangu kushuka nyikani. Nyumbani tukabaki bila maziwa, bila samadi, na mama akawa anabeba kichwani kilichobebwa na punda.

Ninyi vijana mnaona milima ina majani mnadhani ndivyo ilivyoumbwa. Iliota kwa sababu ya amri ile, lazima niseme ukweli, majani yalirudi haraka kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Lakini kwa miaka mingi watu waliingiza mifugo usiku, na nani atawalaumu? Mambo yalianza kutulia mwishoni mwa miaka ya 80 ulipoingia ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kufungia zizini. Mtu akakata majani kwenye makinga maji akampelekea ng'ombe wake, akapata lita zake, akaanza kumfukuza yeye mwenyewe anayelisha ovyo. Mgambo alipumzika.

Sasa tangu lami ya Dodoma kwenda Babati ipite hapa, tumepata mabasi yanayorusha chupa dirishani, maduka, nyumba za vigae, na taka za mjini. Kilichokosekana ni pa kuzipeleka. Kwa hiyo mama, jibu langu: leo tusipitishe kifungu cha adhabu peke yake. Kijiji kitenge mahali, hata shimo moja lililopimwa mbali na korongo na visima, na halmashauri iandikiwe barua ilete gari mara moja kwa mwezi. Wakisema hawana gari, waseme kwa maandishi. Mwenye kujenga akichukua kibali alipe kabisa gharama ya kifusi chake kabla hajagonga tofali la kwanza, na arudishiwe akionyesha karatasi ya dampo. Hapo 70,000 yake imeshatoka mfukoni. Hana faida tena kumtuma kijana gizani.

Yaliyobaki niliyaandika pembeni ya rasimu kwa kalamu nyekundu, na Mtendaji atayasoma. Kosa la kutupa lihesabiwe kwa mwenye taka na aliyesafirisha, wote wawili, na mwenye taka alipe zaidi. Yeyote atakayelipa, asipewe stakabadhi mpaka kamati imekwenda kuona pamesafishwa. Asiye na uwezo wa kulipa afanye kazi: tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, hakimu anaweza kumtuma mtu apande miti badala ya kumjaza gerezani, tumwombe aitumie. Anayenunua nguzo za mabango kama skrepa aguswe naye. Na kumbukeni utaratibu: ninyi hapa mnatoa maoni, halmashauri ya kijiji inapitisha, inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mpaka hapo karatasi hii haina meno, mgambo asije akaanza kukamata watu kesho asubuhi.

Kijana wa guta yuko pale nyuma, nimemwona, na ameniruhusu niseme hili. Jumamosi saa moja atakuja na guta lake. Nimemlipia mafuta mimi. Anakwenda kuzoa ule mzigo, na nimemwomba Mtendaji ampelekee mwenye risiti ujumbe aje na koleo lake, au alete wapakiaji na pesa ya dampo. Akija, tutampokea kwa chai. Asipokuja, tutapakia wenyewe, tutapima ni guta ngapi, na hesabu itaambatanishwa na risiti ile ya vigae kwenda mahakama ya mwanzo.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba kifungu cha sita kisomwe tena, kile cha mwenye taka, kabla ya watu kunyoosha mikono. Na wale wa pikipiki waambiwe bado hatujafunga mkutano.